Unga wa Mawe

Mokami alitoa ng'ombe kumi na wawili ili asife peke yake. Hakuna mtu pale kitongojini, nje kidogo ya Nyamongo, asiyelijua hilo, na wapo waliolicheka mpaka mbavu zikawauma: mjane wa miaka sitini na ushee, mabinti zake wawili wameolewa mbali, na bado anaswaga ng'ombe wa marehemu kwenda kuoa. Lakini hao waliocheka walikuwa wageni waliofuata dhahabu. Wakurya wenyewe hawakucheka. Walijua hiyo ni nyumba ntobhu, ndoa ya mwanamke kwa mwanamke, na walijua kuwa mjane asiye na mtoto wa kiume asipooa, siku akizikwa nyumba yake inafungwa na shamba linachukuliwa na ndugu za mume. Basi Mokami akamwoa Felista, binti wa upande wa Mugumu, mwenye mikono ya kazi na maneno machache.

Alikuwa ameomba mvulana. Akaletewa Robi, msichana mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake, na haikupita wiki Mokami akasahau kuwa aliwahi kuomba kitu kingine. Mwanamume aliyemzaa Robi walikubaliana naye, akafanya lililomleta, akaenda zake. Kwa mila, mtoto ni wa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wa Mokami. Felista alimwita Mokami mama. Robi alimwita bibi, na akimwita alitaka aitikiwe papo hapo.

Ugonjwa ulianzia kwenye vidole. Felista alikuwa akifanya kazi kwenye karasha la mtu mmoja aitwaye Kisyeri, hatua kama sitini kutoka mlangoni kwao. Mashine ile husaga mawe ya dhahabu yakiwa makavu mpaka yanakuwa unga, na wanawake huuchekecha unga huo, ulaini upande huu, mabaki upande ule. Wakitoka jioni wanakuwa weupe nyusi na kope, mpaka ndani ya masikio. Kwa hiyo vidole vya Felista vilipoanza kuwa vyeupe kila asubuhi yenye baridi, hakuna aliyeshtuka, hata yeye mwenyewe hakushtuka. Alidhani hajanawa vizuri.

Baadaye vikawa vya buluu, vikavimba, na ngozi ikavutika ikang'aa hadi mkono ukakataa kufumba. Tonge la ugali likawa linamponyoka. Mdomo nao ukaanza kuwa mdogo. Kwenye zahanati walimpima ukoma, wakakuta hana, wakampa dawa za maumivu, na baadaye wakamtuma Tarime akapigwa picha ya kifua. Mokami aliitunza ile karatasi ya kipimo kwenye mfuko wa nailoni, tayari kumwonyesha mtu yeyote, lakini karatasi haina mdomo, na watu walishaanza kusema. Kwao mtu husalimiwa kwa mkono. Mkono ukifichwa ndani ya kanga unatafutiwa maana: kwanza walisema Felista amekuwa na maringo, kisha wakasema ni ukoma, na hilo la pili ndilo lililoshika.

Siku ya msiba wa jirani mmoja, wanawake walipokaa kula, kila wanne kwenye sinia lao, Felista aliletewa chakula chake peke yake kwenye mfuniko wa ndoo. Aliyemletea ni Agustina, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, ambaye alikuwa akiazima chumvi kwao karibu kila wiki. Felista alisema asante. Robi, aliyekuwa na miaka minne na hajui kitu, alikwenda kuchuchumaa ale na mama yake, na mwanamke mmoja akamvuta mkono akamrudisha kwenye sinia. Mokami aliona yote hayo akiwa upande wa wazee, na chakula kikamshinda. Wallahi, wapo watu ambao hawawezi kukuua, ila wanaweza kukuonyesha mfuniko wa ndoo.

Hapo ndipo alipofanya kosa lake, na alilifanya kwa mapenzi. Aliapa hakuna macho yatakayomtazama tena mkamwana wake. Kesho yake akaenda kwa Kisyeri, akamwomba Felista awe anafanyia kazi nyumbani. Kisyeri hakuona shida. Akamwazima kinu cha chuma, mchi na chekeche, na kila asubuhi kijana wake akawa anamwaga madebe mawili ya kokoto nyuma ya nyumba na kuja kuchukua unga baadaye. Mokami akaziba dirisha kwa gunia. Akafunga mlango. Yeye alitwanga, Felista akachekecha kwa viganja maana vidole vilishagoma, na nyuma ya pazia, kitandani, Robi alilala usingizi wake wa mchana huku vumbi likimshukia taratibu. Waliishi hivyo miezi saba. Mokami alijiona mtu mwema, na alikuwa mwema. Ndiyo maana jambo lenyewe linauma.

Siku Felista aliposhindwa kumaliza mwendo wa kwenda shambani, akakaa njiani akihema kama mtu aliyekimbizwa, Mokami aliuza mtamba wake wa mwisho. Nchagwa, shemeji yake, mdogo wa marehemu, alipata habari kabla hata mnunuzi hajamfunga mtamba kamba. Alikuja akakataa kiti. Alisema ng'ombe wameliwa hasara, kwamba mwanamke mgonjwa hurudishwa kwao, ng'ombe wakadaiwa, mtoto akabaki, na kwamba kumuuguza mtu wa namna hiyo ni kumwagia maji mchangani. Mokami alimwambia kuwa basi la Mwanza linaondoka saa kumi na mbili asubuhi na yeye bado hajafunga mzigo.

*

Daktari wa Mwanza alikuwa binti mdogo kwa umri, anaitwa Samira, mwenye ushungi wa kijivu na maneno ya pwani. Kabla ya kuuliza chochote alimwamkia Mokami shikamoo, na Mokami akampenda kwa hilo tu. Kisha akaushika mkono wa Felista kwa mikono yake mitupu. Akaubonyeza, akaugeuza, akajaribu kuukunja, bila haraka. Felista alitazama ukutani na machozi yakamtoka. Ulikuwa umepita mwaka mzima, ukiacha watu wa nyumbani kwake, hakuna aliyemshika mkono.

Walilala mjini siku mbili wakisubiri majibu ya damu na picha ya kifua. Siku ya tatu daktari aliwakalisha, Robi akiwa mapajani kwa bibi yake, akawaeleza kwa lugha nyepesi. Kila mwili una walinzi wake wa kupambana na magonjwa. Walinzi wa Felista wamekosea adui: wanaipiga ngozi yake mwenyewe, wanaikaza, na sasa wameingia kwenye mapafu.

Mokami aliuliza ni nani aliyewatuma.

"Hakuna mtu aliyewatuma, mama," daktari alisema. "Sijui kwa hakika walianzaje. Wengine huzaliwa na wepesi wa kuupata. Ila vumbi la mawe, lile laini usiloliona, linajulikana kuchangia. Wengi wanalivuta na hawapati ugonjwa huu. Yeye ameupata."

Akauliza kazi ya karasha Felista aliiacha lini. Mokami akawahi kujibu: miezi saba. Daktari akaichukua picha ya kifua waliyopiga Tarime mwanzo wa mwaka, akaiinua kwenye mwanga pamoja na ile mpya, akazitazama kwa muda mrefu. Alisema haelewi. Mtu aliyeachana na vumbi miezi saba, ugonjwa usingemzidi kwa kasi hivi. Labda ni ule wa kasi, alisema kama anayejisemea, na basi itabidi aanze na dawa kali zaidi, zile zenye madhara yake. Akashika kalamu.

Felista alitazama sakafu. Alijua, naye Mokami alijua kuwa anajua, lakini mkamwana hamsuti mama mkwe mbele ya mgeni, na huyu alikuwa tayari kumeza dawa yoyote kuliko kumwaibisha mwanamke aliyemtolea ng'ombe. Mokami alisubiri Felista aseme. Alisubiri mpaka kalamu ikaanza kuandika. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakusema yatakuwaje ikiwa maradhi si yako na kifo si chako.

"Hajaacha," Mokami alisema. "Ameacha kwenda. Mimi ndiye nilimletea mawe nyumbani."

Daktari aliweka kalamu chini. Akauliza walikuwa wakichekechea wapi.

"Ndani."

"Mlango wazi?"

"Nilifunga. Watu walikuwa wanamtazama."

Daktari hakumgombeza, na Mokami angependa agombezwe. Aliuliza tu swali moja zaidi, kwa sauti ndogo, kwamba mtoto hulala wapi. Mokami alikishika kichwa cha Robi, akakikandamiza kifuani kwake. Jibu lilikuwa limekaa pale mapajani likichezea vifungo vya koti lake.

Robi alipigwa picha mchana ule. Kifua chake kilikuwa safi, kwa sasa. Daktari alilirudia hilo neno "kwa sasa" mara mbili. Kwa Felista alisema dawa ni za kila mwezi, bila kukosa. Huenda asipone, ila akikaa mbali na vumbi na akazimeza, ugonjwa unaweza kusimama ulipo. Akikaa karibu na karasha, dawa hazitamfaa kitu.

*

Waliporudi, Mokami aliiosha nyumba siku tatu. Alitoa kitanda, magodoro, masanduku, akamwagia maji mpaka kuta. Kinu na chekeche alivirudisha kwa Kisyeri. Siku ya nne asubuhi alipitisha kiganja juu ya blanketi, kikatoka cheupe. Karasha lilikuwa palepale, hatua sitini, na nyuma yake yalikuwa mengine mawili, na upepo wa kiangazi haukuwa na nyumba nyingine ya kuanzia.

Akaenda kumwomba Kisyeri asage kwa maji ili vumbi lisipande, kama daktari alivyomdokezea. Kisyeri hakuwa mtu mbaya. Alimpa stuli, akamsikiliza hadi mwisho, akasema maji yanataka pampu, pampu inataka mafuta, na wenzake wakisaga makavu yeye wa maji atafunga kazi kabla ya Krismasi. Kisha akauliza kwa upole mbona wengine hawaugui. Hata daktari alikuwa amesema wengi hawapati. Kisyeri naye alikuwa akikohoa wakati anauliza.

Godwin, kaka yake Felista, alikuwa mpishi kwenye kambi ya watalii karibu na Robanda. Alipopigiwa simu hakusita: chumba kimoja kipo, kidogo, lakini huku hewa ni ya majani na vumbi lake ni la nyumbu tu. Aje. Felista alishukuru, akakata simu, akaendelea kuchambua maharage kwa vidole vyake vigumu, moja moja.

"Siendi," alisema.

Mokami hakuhitaji kuuliza kwa nini. Mwanamke akiondoka kwenye nyumba ya ng'ombe, mtoto anabaki. Felista alikuwa amepima, na ameona bora abaki akose pumzi kuliko aende akose Robi. Alisema hivyo bila kulia, kama anayesema leo hakuna chumvi.

Nchagwa alikuja kabla ya wiki kwisha. Safari hii alikaa. Alisema wamelizungumza wazee, na hawana ubaya na mtu: mwanamke aende kwao akatibiwe, hakuna atakayedai ng'ombe hata mmoja, huruma ipo. Mtoto tu abaki. Hapo Mokami anapoteza nini? Anabaki na mjukuu wake, nyumba inabaki wazi, na yule mgonjwa anapona. Agustina, aliyekuwa amesimama mlangoni na sufuria aliyokuja kuazima, alisema hata yeye anaona hiyo ni haki.

Na tuseme ukweli, Mokami alitaka kukubali. Maneno yale yalimwingia kama uji kwa mwenye njaa. Alimwona Robi anakua, anakwenda shule na sare ya buluu, anaolewa ama anaoa, vyovyote, lakini yupo, anaita bibi mpaka majirani wanaudhika. Alimwambia Nchagwa ampe siku mbili. Kwa siku mbili hizo hakumtazama Felista usoni.

Siku ya pili, saa za mchana, alimkuta Robi amepiga magoti mbele ya sanduku la nguo, anachora kwa kidole juu ya kifuniko chake. Amechora duara, akalitia macho na kitu kama kitambaa cha kichwa. Alisema ni bibi. Mokami alimwambia ni kazuri, kamefanana. Kifuniko hicho alikuwa amekifuta kwa kitambaa kibichi asubuhi ileile, kwa mkono wake, na sasa mtoto alikuwa amepata vumbi la kutosha kuchora mtu mzima na kope zake. Mokami akakaa kitandani. Alikaa mpaka Robi akamaliza kumchora na miguu.

Jioni akamwita Nchagwa, akamwita na Agustina, awe shahidi kwa mdomo wake usiochoka.

"Mtoto anakwenda na mama yake," alisema.

Nchagwa alidhani hajasikia vizuri. Aliposikia, alisema basi nyumba ya kaka yake imefungwa.

"Haijafungwa. Mimi nimo."

"Na shamba?"

"La Robi. Nitalikalia mpaka atakaporudi kulidai."

Nchagwa alicheka kidogo, akavaa kofia yake, akasema ataona huyo mlinzi ana meno mangapi. Agustina akatoka nyuma yake, akasahau hata kuazima chumvi.

Felista alimsihi waondoke wote watatu. Mokami alimweleza kama mtu anayemweleza mtoto: chumba cha Godwin ni kimoja, na yeye akitoka hapo wiki moja tu, Nchagwa atakuwa amelima mpaka kizingitini. Felista alipiga magoti, akaweka viganja vyake vigumu kwenye mashavu ya mama mkwe wake. Vilikuwa vya baridi. Vidole havikuweza kujikunja vimshike, vikabaki vimenyooka tu hivyo, na Mokami akavifunika kwa vyake.

"Ulinioa vizuri, mama," Felista alisema.

Kwenye basi Robi alipewa biskuti na kiti cha dirishani. Alifurahi mno hata akasahau kupunga mkono.

*

Wiki za kwanza Mokami alikuwa akipika ugali mwingi, bila kutaka. Mkono ulizoea unga wa watu watatu. Alizungumza na kuku, akawakemea kwa majina ya watu. Mchana akisikia sauti ya mtoto yeyote njiani, aliitikia. Watoto wakalijua hilo, wakawa wanaita bibi makusudi na kukimbia, naye hakuwakasirikia, maana angalau alikuwa ameitwa. Majirani walimsalimia vizuri sasa. Yule wa kuogopwa alikuwa ameondoka. Alikuwa akiwajibu vizuri pia. Lakini usiku na mchana vilikuwa na urefu mmoja, na upweke haukuwa kitu cha kuona aibu kuusema: alikuwa mpweke, basi, alikuwa mpweke sana.

Godwin alipiga simu mwishoni mwa mwezi wa pili. Felista hajambo, pumzi imetulia, anatembea mpaka kisimani na kurudi bila kukaa njiani. Daktari wa kule amesikiliza kifua akasema hakijazidi. Alisema hayo kwanza, mtu mwenye adabu, kabla ya kusema kwamba dawa za mwezi ujao mshahara wake umezifikisha nusu. Mokami alimwambia asihangaike, nusu nyingine ipo.

Haikuwepo. Mtamba alishauzwa, mbuzi hakuna, mahindi ya shamba yalikuwa bado mabichi. Alizunguka nyumba mara moja, kama mwenye kutafuta alichosahau, kisha akaifuata ile njia ya hatua sitini.

Kisyeri alishangaa. Alisema alidhani daktari amekataza.

"Amemkataza Felista," Mokami alisema.

Akaazimwa tena kinu na chekeche. Alijaribu kuyalowesha mawe kwanza, kama alivyosikia Mwanza, lakini unga mbichi haupiti kwenye chekeche, na kijana wa Kisyeri akaurudisha. Akatwanga makavu. Alikaa nje, nyuma ya nyumba, kitambaa kibichi puani, mgongo kwa upepo. Upepo ulipogeuka, na yeye akageuka. Madirisha aliyaacha wazi. Hakukuwa na mtu mwingine ndani wa kufichwa wala wa kudhurika.

Jumapili moja simu ililia saa tano asubuhi, akiwa na debe moja bado na yule kijana anakuja adhuhuri. Akaibana simu kwa bega, akaendelea. Alikuwa Robi. Alisema ameona twiga, shingo yake imepita mti. Alisema mama anaweza kushika kijiko. Alisema mambo matatu mengine kwa mpigo mmoja, kisha akauliza.

"Bibi, nini hicho kinagonga?"

Mokami akausimamisha mchi.

"Natwanga mahindi."

"Ya uji?"

"Ya uji, mjukuu wangu."

Robi alifikiri. Akasema basi asiache, atwange mengi, maana wao wakirudi watakuwa na njaa. Mokami akasema sawa. Akauinua mchi, akaendelea kutwanga, simu akiisogeza karibu na kinu, ili mtoto asikie.